Nimeuliza watu tisa kuhusu kazi ya mlimani, na bado sijui kitu

Shikamoo Mama,

Naomba usitaje jina langu wala shule ninayofundisha. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali huku Moshi Vijijini. Nina miaka 34, nafundisha Jiografia na Kiingereza, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yupo darasa la tatu. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Tunaishi kwenye kihamba, yaani shamba la familia, alichotuachia marehemu baba, kwa hiyo kodi ya nyumba hatulipi na ndizi hatununui. Mshahara wangu unakatwa asilimia 15 ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, na kuna mkopo wa benki niliochukua ili kuezeka nyumba, umebaki miaka miwili. Hatulali njaa, lakini ikifika katikati ya mwezi naanza kuhesabu.

Mama, nataka kuacha ualimu nikaongoze wageni Mlima Kilimanjaro.

Wazo hili sikulikurupukia. Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu hadi kambi ya Mandara huko mlimani, tukapanda mpaka kwenye kreta ya Maundi. Pale juu mtoto mmoja ambaye darasani hafungui mdomo aliniuliza kwa nini upande wa Rongai ni mkavu kuliko upande wa Machame. Tulisimama karibu nusu saa, upepo unapiga, nawaeleza habari za pepo na mvua huku wanaziona kwa macho. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Kila mwaka nafundisha kwamba Hans Meyer alifika kileleni Oktoba 1889, na kila mwaka nawaambia watoto kwamba anatajwa pia mwenzetu wa Marangu, Mzee Yohani Lauwo, kuwa ndiye aliyewaonyesha Wazungu wale njia. Siku ile nilijiuliza: mimi nimezaliwa chini ya mlima huu, naujua kwa vitabu, nasema Kiingereza, kwa nini niko hapa nasahihisha madaftari?

Niseme pia kwamba shuleni mambo yamebadilika. Tumepata mkuu mpya tangu mwaka jana. Mwezi wa kwanza alinisema mbele ya walimu wenzangu kuhusu matokeo ya Kiingereza, maneno ambayo sikutegemea kuyasikia baada ya miaka tisa. Lakini hilo si sababu, ni jambo la pembeni tu.

Nimefanya utafiti, Mama. Nina daftari. Nimeuliza watu tisa. Rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari ni mwongozaji, amejenga, ana gari. Nilimpata Agosti akiwa ametoka kushusha wageni. Nikamuuliza kama kazi inalipa, akacheka, akaniambia, "Mwalimu, unachelewa. Mlimani hela ipo." Nikamuuliza kama mtu kama mimi anaweza, akasema naweza sana. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyepandisha wageni zaidi ya miaka 25, nikamwambia nataka kuacha kazi niingie mlimani. Hakunipa hata kiti. Alisema, "Mwanangu, baki na chaki yako." Nikaingia ofisi mbili za kampuni pale mjini kuuliza kama wana nafasi. Zote zilisema niache barua, watanipigia. Kwenye kundi letu la WhatsApp la waliomaliza pamoja nilipata majibu zaidi ya thelathini, nusu wananisukuma niende, nusu wananiambia nimerogwa. Nikapiga simu chuo kimoja cha utalii, wakanitumia orodha ya ada.

Mke wangu naye, nilipomgusia, aliuliza swali moja tu: "Aprili tutakula nini?" Nikaona ameshaanza kunivunja moyo, nikanyamaza. Hatujalizungumza tena.

Daftari limejaa na mimi sijui kitu. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, na mwenye jibu zuri hatoi sababu. Mama, je, niache au nisiache? Na kama kuna swali ambalo sijauliza, ni lipi?

Mwalimu, Moshi Vijijini


Marahaba mwanangu Mwalimu,

Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia asubuhi, na nimefurahi kwamba una daftari. Watu wengi huacha kazi kwa hasira ya siku moja. Wewe umekaa na jambo hili, umetembea, umeuliza, umekataliwa hata kiti, na bado hujakata tamaa. Una kazi yenye mshahara usiotosha lakini usiokosekana. Umeona kazi nyingine iliyokugusa moyo. Umetafuta habari zake, na habari zimekuja nyingi, zinapingana, hazikusaidii. Uniwie radhi, swali lako la niache au nisiache sitalijibu. Nitashika lile la mwisho, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Nimeyaandika maswali yako kwenye karatasi. Kazi inalipa? Mtu kama mimi anaweza? Mna nafasi? Sasa hebu yasome kwa sauti. Mwanangu, hizi ni salamu. Kwetu sisi mtu akiulizwa "biashara inakwendaje?" anajua la kujibu kabla hujamaliza kuuliza: si haba, tunamshukuru Mungu, tunasukuma siku. Hakudanganyi. Amekupa adabu kwa adabu. Huwezi kumlaumu kwa kukujibu salamu kwa salamu.

Hili nililijua kwa njia ndefu. Nilipokuwa muuguzi nilitaka kuacha nifungue duka la dawa muhimu. Nilizunguka kwa wenye maduka nikiwauliza kama biashara inalipa, wote wakamshukuru Mungu. Siku moja nilimkuta mama mmoja anafunga maboksi nyuma ya duka lake, nikamuuliza, bila hata kupanga, ni dawa gani ambazo alilazimika kuziondoa mwezi ule kwa kuisha muda. Akaweka boksi chini. Alizitaja moja moja, na bei alizonunulia, na kwa nini zilidoda. Tulikaa saa nzima. Nilijifunza kwake kuliko kwa wale wengine wote, na sikumuuliza hata mara moja kama biashara inalipa. Duka nilifungua miaka mitatu baadaye, kwa mtaji mwingine na katika mtaa mwingine kabisa.

Tofauti ilikuwa nini? Nilimuuliza kitu kilichotokea, mwezi ule, mikononi mwake. Mtu akiulizwa maoni anatafuta neno zuri. Akiulizwa jana alifanya nini, anakumbuka.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda likakugusa. Katika barua yako yote kuna mtu mmoja tu aliyeuliza swali la aina hiyo, na si wewe wala rafiki yako mwenye gari. Ni mama watoto. "Aprili tutakula nini?" Wewe ulisikia pingamizi. Mimi nilisikia mtu ambaye ameishi chini ya mlima na anajua kalenda yake. Machi kuelekea Mei ni masika, njia zina tope, mawingu yamefunika, wageni wanapungua sana. Novemba nayo vuli inagusa. Msimu wa wageni wengi ni Juni hadi Oktoba, kisha kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Mwongozaji anayelipwa kwa siku za safari hana mshahara wa Aprili. Anao wa Agosti, na Agosti hiyo lazima ijue kwamba Aprili inakuja. Mke wako aliuliza hesabu ya nyumba kwa maneno matatu. Naona ana mengine kama hayo, ila hakupata nafasi ya kuyasema.

Kwa hiyo ningeanza hapo. Rafiki yako ulimuuliza Agosti, tipu iko mfukoni, miguu bado ina vumbi la mlima. Ungemuuliza nini ili ujue mwaka wake ulivyo? Kiasi usimuulize. Kwetu kumuuliza mtu ana shilingi ngapi ni kumvua nguo, atajisifu au atajificha. Muulize siku. Mwaka jana uliingia mlimani mara ngapi? Safari ya mwisho ilikuwa ya siku ngapi, na kabla yake ulikaa nyumbani wiki ngapi? Mara ngapi ulikwenda ukiwa mwongozaji mkuu na mara ngapi msaidizi? Tipu ile mliigawaje, na wagumu, wale wapagazi waliobeba mizigo, walipata sehemu gani? Ni mwezi gani mara ya mwisho ulikopa? Ukishakuwa na siku, malipo ya siku utayajua mtaani, na hesabu utaipiga mwenyewe nyumbani. Wewe ni mwalimu, unajua jinsi wastani unavyoficha mwezi mbaya ndani ya mwezi mzuri.

Na muulize kuhusu mwaka 2020, mwaka wa korona. Usikwepe hapo kwa kuona ni habari ya zamani. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020 walishuka hadi takriban 620,000. Wamerudi, tena kwa wingi, mwaka 2023 walipita milioni 1.8. Lakini kati ya kushuka na kurudi kuna watu waliouza ng'ombe, wengine walirudi kulima nyanya, wengine walipanda bodaboda na hawakushuka tena. Muulize rafiki yako: Aprili ya mwaka ule ulikuwa wapi, na nani alikusaidia? Jibu lake litakuonyesha kama gari lile lilinunuliwa na mlima peke yake au kuna shamba, ndugu au mke mwenye mshahara nyuma yake. Hakuna ubaya ukikuta yupo mtu nyuma yake, ila ni vema ujue kabla hujajilinganisha naye.

Nirudi kwa yule mzee, maana ameniuma kidogo. Ulifika kwake ukamwambia umekwishataka kuacha kazi. Fikiri alichosikia. Hakuulizwa habari ya kazi yake. Aliletewa uamuzi wa kijana mwenye watoto wawili na kuombwa baraka. Angefanya nini? Alikulinda. Rafiki yako naye alisikia uamuzi uleule, akakushangilia. Kundi la WhatsApp likagawanyika timu mbili kama mpira. Ukitanguliza kwamba unataka kuacha ualimu, kila mtu anajibu uamuzi wako na kazi yenyewe inasahaulika. Mrudie mzee, mwanangu. Mpelekee sukari na majani, usitaje kuacha chochote. Mwambie unafundisha watoto Jiografia ya mlima na unataka kusikia kutoka kwake, jambo ambalo pia ni kweli. Kisha muulize ni usiku gani wa kilele ambao hajausahau.

Nakutuma huko kwa sababu nina wasiwasi na picha uliyonayo. Katika barua yako mwongozaji ni mtu anayesimama Maundi akieleza pepo na mvua. Siku za kwanza za safari hilo lipo, na watu wenye elimu na ulimi kama wako wanathaminiwa. Lakini jaribu kumfuata mwongozaji hadi usiku wa kilele. Kutoka kambi ya Kibo, takriban mita 4,700, wanaondoka karibu na saa sita za usiku, baridi chini ya sifuri, tochi kichwani. Unajua vizuri wanafunzi wako watakavyoandika kwenye mtihani: kileleni, mita 5,895, hewa ya oksijeni ni kama nusu ya ile ya pwani. Kule juu hakuna anayesikiliza historia ya Hans Meyer. Kuna "pole pole", na kuna mtu mzima aliyelipa maelfu ya dola, amejiandaa mwaka mzima, sasa anayumba, anasema maneno yasiyoshikana, na hataki kushuka. Kazi yako saa ile ni kumgeuza. Anaweza kulia, anaweza kukutukana, na ndiye mwenye tipu.

Swali basi haliwezi kuwa "je, nitaipenda?" Waulize hivi: mara ya mwisho ulimrudisha mgeni kabla ya kilele, ulijuaje kwamba amezidiwa? Ulimwambia maneno gani? Ofisi ilisemaje uliposhuka? Jibu la hili la mwisho lisikilize kwa makini, maana litakueleza kampuni ile ni ya namna gani kuliko tovuti yake yote.

Kuna pia mwili wako mwenyewe. Mandara ni kama mita 2,700. Umelala juu ya hapo? Ugonjwa wa mwinuko hauchagui mwenye nguvu wala mzaliwa wa Moshi, unampata kijana mkakamavu na kumwacha mzee. Kabla hujamuuliza mtu mwingine yeyote kama unaweza, kuna usiku wa kambi ya Horombo, kama mita 3,700, ambao unaweza kukujibu bila upendeleo.

Ofisi za kampuni ulizoingia, ulizipa swali ambalo zimelizoea: mna nafasi? Nalo lina jibu lililozoeleka. Ukipata mtu wa kuzungumza naye ndani, muulize mwongozaji wa mwisho waliyempokea alitokea wapi, nani alimtambulisha, alianza kama nani. Muulize simu ya kuita watu wa safari hupigwa na nani, na anachaguaje. Nimezungumza na vijana kadhaa wa huko kwenu kwa miaka hii, na karibu wote hadithi yao inaanza na mtu mmoja aliyewapa safari ya kwanza. Uliza pia mtu akivunjika mguu juu, gharama za hospitali ni za nani, na kama michango ya hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa au mtu analipwa siku zake tu basi. Ukiuliza hayo utaona nyuso zikibadilika. Andika hilo nalo kwenye daftari.

Huenda utaambiwa jambo hili: wengi hawaanzii kwenye kuongoza. Wanaanza kwa kubeba. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgumu, na misimu kadhaa ya kubeba ndiyo inayomfundisha mtu njia, kambi, hali ya hewa, na ndiyo inayomfanya ajulikane. Vyuo vipo, leseni inahitajika, mafunzo ya huduma ya kwanza yanahitajika, na cheti chako cha ualimu kina uzito wake. Lakini jiulize kwa utulivu, ukiwa peke yako. Wagumu wengi wa upande wenu ni vijana waliopita kwenye shule za kata. Siku utakapokuwa kwenye mstari pale getini, mzigo ukipimwa, na anayekupangia kazi ni kijana uliyemfundisha kidato cha pili, akakuita "Mwalimu" kwa heshima kisha akakuelekeza ubebe hema la choo, moyo wako utasemaje? Wapo wanaolipokea vizuri, na wapo wanaolia usiku. Usinijibu mimi.

Kisha watafute walioondoka. Katika watu wako tisa hakuna hata mmoja aliyeacha kazi ya mlimani. Waliobaki wanakusimulia jinsi ilivyowezekana, hawawezi kukusimulia ilipowashinda. Muulize rafiki yako: wale mlioanza naye kubeba mwaka ule, wako wapi leo? Akitaja majina matano, nenda kwa wawili. Mmoja atakwambia goti, mwingine atakwambia ndoa, mwingine atakwambia hakuwahi kuitwa tena baada ya kugombana na mtu wa ofisini. Hayo ndiyo yatakayokujia wewe pia, na kila moja lina namna ya kujiandaa nalo.

Sasa nizungumze taratibu kuhusu mambo mawili ya kwako.

Uliandika mistari mitatu kuhusu mkuu wako wa shule na kumaliza kwa kusema ni jambo la pembeni. Inawezekana. Lakini ulinitajia mwezi. Mtu akikusema mbele ya wenzako baada ya miaka tisa ya kazi, inauma, na mtu aliyeumizwa huona mlango wowote ulio wazi kuwa ni njia ya Mungu. Jaribu hivi: jifikirie mkuu huyo amehamishwa Jumatatu ijayo, amekuja mwingine muungwana. Daftari lako unaendelea nalo au unalifunga? Jibu lolote kati ya hayo halina aibu. Ila kama ungelifunga, basi unachotafuta huenda ni uhamisho, au mazungumzo magumu na mtu mmoja, na hayo yana njia zake.

La pili ni Maundi. Nimeisoma aya ile mara nyingi kuliko nyingine. Umenieleza upepo, umenieleza mvua, lakini aliyesimama katikati ya hadithi ni mtoto asiyefungua mdomo darasani, aliyefungua mdomo. Kilichokugeuza siku ile kilikuwa mlima, au kilikuwa mtoto yule? Sikutegi. Sijui. Mgeni wa kutoka Ujerumani utakuwa naye siku sita au nane kisha hutamwona tena. Kwa watu wengine huo ni uhuru mkubwa, hakuna kusahihisha, hakuna matokeo ya kitaifa. Kwa wengine ni kama kula usishibe. Wewe ni yupi, unaweza kulijua bila kuacha kazi.

Maana njia si mbili tu, ya kuacha na ya kubaki. Ratiba yako ina jambo ambalo hujaligusa: likizo zako ndefu zinaangukia Juni na Desemba, na hizo ni nyakati ambazo kampuni zinatafuta watu. Safari moja au mbili za kubeba au kusaidia wakati wa likizo zitakupa usiku wa Horombo, zitakupa majina, zitakupa magoti yanayouma kwa ukweli. Hatari yake ni kwamba wewe ni mtumishi wa umma, na kazi ya nje ina taratibu. Mwone afisa utumishi kwanza, usifanye kwa kificho ukampa mkuu wako sababu ya kukusema mara ya pili. Hukohuko uliza habari ya likizo bila malipo: kwa hali yako inawezekana, kwa muda gani, ukirudi unarudi daraja lipi. Uliza michango yako ya miaka tisa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakuwaje ukihamia sekta binafsi. Uliza benki makato ya mkopo yanakuwaje mshahara ukikoma. Majibu ya hao yaombe kwa maandishi. Mtu wa dirishani akikwambia "haina shida", muulize nani alifanya hivyo mwaka jana na ilimchukua miezi mingapi.

Kuna kuongoza kwa karibu zaidi pia, maporomoko ya Materuni na mashamba ya kahawa, matembezi ya siku moja ambayo wageni hufanya kabla au baada ya mlima. Faida yake ni ndogo na ushindani upo, lakini Jumamosi jioni unalala kwako. Kuna kufundisha Kiingereza kwa wagumu wanaotaka kupanda cheo, kitu ambacho wengi wanakihitaji na wewe tayari unacho mkononi. Ukiketi na wagumu kumi wiki nzima ukiwafundisha kueleza mvua na pepo, utasikia habari za kazi ile ambazo hakuna ofisi ingekupa, na huenda mmoja wao akafungua mdomo. Hatari ya njia hizi za kando ni kwamba mtu anaweza kuzama humo miaka mitano akijiambia bado anafanya utafiti.

Na kuacha kabisa, kwa kishindo, nako ni njia. Wapo waliofanya na wakasimama. Mwenye kihamba, asiyelipa kodi, mwenye mke anayeshona, ana pa kuangukia kuliko wengi wanaoniandikia. Lakini mkopo wa benki una miaka miwili, na miaka miwili ina Aprili mbili.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Leo jioni, watoto wakilala, mrudishie mama watoto swali lake. Usilijibu. Mwambie, "Uliuliza Aprili tutakula nini. Niulize na mengine." Kaa na kalamu, andika kila atakalouliza, hata lile litakalokukera.

Kisha ngoja masika. Mvua ikiwa imeshika kweli, nenda kwa rafiki yako bila kumpigia simu, kama jirani anayepita kusalimia. Angalia yuko wapi, gari liko wapi, anafanya nini mikononi, nani ametoka asubuhi kwenda sokoni. Kaa naye mpaka kahawa iishe. Halafu niandikie uliyoyaona, na unisalimie mke wako.